Kikohozi cha Watoto Si Majaliwa

Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki benchi la wagonjwa wa nje halihitaji kutangaziwa kwamba msimu wa baridi umefika. Watoto wanaoketi juu yake hutangaza wenyewe. Pua zinachuruzika, vifua vinakoroma, na akina mama wanangoja kwa subira ile ile waliyokuwa nayo mama zao walipokuwa wakiwangojea wao. Tabibu huandika, dawa hutolewa, na kesho yake benchi hujaa tena. Kwa miaka mingi hali hiyo imekubaliwa kana kwamba ni sehemu ya utoto wenyewe, na kana kwamba kuuliza kwa nini watoto wanakohoa ni sawa na kuuliza kwa nini mvua ya masika inanyesha. Lakini mazoea yana taabu. Jambo likizoeleka sana, hata lenye kuua hupoteza sura yake ya uadui.

Na kikohozi cha mtoto ni adui anayeua. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, nimonia, ambayo wazee waliita kichomi, iliwaua watoto 740,180 wa umri wa chini ya miaka mitano katika mwaka 2019 pekee. Hiyo ni asilimia 14 ya vifo vyote vya watoto wa umri huo duniani. Hakuna vita vya mwaka huo vilivyoondoa watoto wengi kiasi hicho, wala hakuna kengele iliyopigwa.

Ndipo likaja janga la UVIKO-19. Tarehe 11 Machi, 2020, Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba ugonjwa huo sasa ni janga la dunia nzima. Serikali zikafunga shule, mipaka na viwanja vya ndege. Wananchi wakavaa barakoa, wakanawa mikono, wakaacha kushikana mikono. Hatua hizo zilichukuliwa kwa ajili ya kuwalinda watu wazima, hasa wazee, dhidi ya ugonjwa mmoja mpya. Watu wachache walitazamia kwamba zingegusa pia magonjwa ya zamani ya watoto. Lakini ziligusa, tena kwa nguvu ambayo haikuwahi kuonekana katika historia ya tiba ya kisasa. Katika nchi nyingi mabenchi ya watoto wenye kikohozi yalibaki matupu.

Tukio hilo limepita, dharura ya kimataifa ikatangazwa kumalizika tarehe 5 Mei, 2023, na dunia imeharakisha kusahau. Kusahau huko ni kosa. Kila mwalimu na kila mtumishi wa umma ana haja ya kulielewa lililotokea, maana lina funzo linalohusu darasa lake, ofisi yake na watoto wake mwenyewe.

HESABU ZA MWAKA 2020

Mfano ulio wazi zaidi unatoka upande wa pili wa Bahari ya Hindi, katika jimbo la Western Australia, ambalo mji wake mkuu ni Perth. Huko, kama ilivyo kusini yote ya dunia, majira ya baridi huwa kati ya Juni na Agosti, na ndiyo miezi ambayo wodi za watoto hufurika. Magonjwa mawili huongoza msafara huo. La kwanza ni influenza, yaani mafua makali yaletayo homa. La pili husababishwa na virusi vinavyojulikana kwa kifupi kuwa RSV, ambavyo kwa mtu mzima huleta mafua ya kawaida, lakini kwa mtoto mchanga huziba vijia vyembamba vya pumzi ndani ya mapafu.

Baridi ya mwaka 2020 ilipofika, wataalamu wa maabara wa jimbo hilo walipima kama kawaida yao. Idadi ya watoto waliokutwa na RSV ilikuwa imepungua kwa asilimia 98 ikilinganishwa na miaka iliyotangulia, na waliokutwa na influenza kwa zaidi ya asilimia 99. Jambo la kuzingatia sana ni kwamba wakati huo shule za jimbo hilo zilikuwa zimekwisha kufunguliwa tena, na watoto walikuwa darasani.

Wala Western Australia haikuwa peke yake. Katika nchi tatu za kusini, yaani Australia, Chile na Afrika Kusini, vipimo 83,307 vya influenza vilifanywa kati ya Aprili na Julai 2020. Vilivyoonyesha ugonjwa vilikuwa 51 tu. Katika miezi kama hiyo ya miaka 2017 hadi 2019, karibu vipimo 14 katika kila 100 vilikuwa vikionyesha ugonjwa. Ilipofika zamu ya kaskazini ya dunia, mambo yakawa yale yale. Nchini Marekani influenza iliua watoto wanaokaribia 200 katika msimu wa 2019 na 2020. Katika msimu uliofuata, mtoto aliyeripotiwa kufa kwa ugonjwa huo alikuwa mmoja.

Hakuna dawa mpya ya influenza iliyovumbuliwa mwaka huo. Hakuna hospitali mpya zilizojengwa kwa ajili ya RSV. Kilichobadilika ni namna watu wanavyosafiri, wanavyokutana, wanavyopumua pamoja na wanavyonawa. Kwa maneno mengine, kilichobadilika ni mwenendo wa binadamu.

SABABU MBILI ZISICHANGANYWE

Hata hivyo, mtu anayesoma takwimu hapana budi awe mwangalifu. Daftari la wagonjwa wa nje halihesabu watoto wanaougua. Linahesabu watoto walioletwa. Benchi linaweza kuwa tupu kwa sababu watoto ni wazima, na linaweza kuwa tupu kwa sababu wazazi wanaogopa kuja. Kwa mbali hali hizo mbili hufanana, lakini ya kwanza ni neema na ya pili ni maafa.

Hofu ilikuwapo, na ilikuwa kubwa. Nchini Marekani, kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili 2020, mahudhurio ya watoto wa umri wa miaka 10 na chini yake katika idara za dharura yalishuka kwa asilimia 72 yakilinganishwa na kipindi kama hicho cha mwaka 2019. Haiwezekani kudai kwamba magonjwa yote ya watoto yalipungua kiasi hicho katika wiki chache. Wazazi wengi waliona hospitali kuwa ndiyo mahali pa kuambukizwa, wakabaki nyumbani na watoto wao wagonjwa.

Mfano wa Kinshasa, jiji la Wakongo, unaeleza zaidi. Uchunguzi wa takwimu za vituo vya afya vya jiji hilo ulionyesha kwamba mwanzoni mwa janga mahudhurio yalipungua kwa ghafla, yakiwemo ya nimonia na ya malaria. Sasa, barakoa haimzuii mbu, wala sabuni ya mikono haiui kimelea cha malaria. Mahudhurio ya malaria yakipungua pamoja na ya kikohozi, mwenye akili atajua kwamba hapo sehemu ya upungufu huo ni ya watoto waliobaki nyumbani na homa zao. Hali kadhalika chanjo zilikosa watoto. Mwaka 2020 watoto milioni 23 duniani walikosa chanjo za msingi za kawaida, ongezeko la milioni 3.7 juu ya wale wa mwaka 2019.

Je, basi yote yalikuwa hofu? Hapana. Uthibitisho umo katika vipimo vyenyewe. Kama wagonjwa wangepungua kwa sababu ya hofu tu, kati ya wale wachache waliofika sehemu ile ile ingekutwa na influenza kama zamani. Watu kumi wakija badala ya mia, na ugonjwa ukiwa haujapungua, uwiano hubaki pale pale. Lakini uwiano ulianguka kutoka karibu 14 katika 100 hadi chini ya mmoja katika 1,000. Hapo ugonjwa wenyewe ndio ulioadimika.

Uthibitisho mwingine unatoka katika maabara za nchi na maeneo 26 zilizolinganisha hesabu zao za maambukizi makali ya bakteria. Bakteria wanaosafiri kwa pumzi na mate, wale waletao nimonia kali na homa ya uti wa mgongo, walipungua ghafla mwanzoni mwa mwaka 2020. Lakini bakteria wa aina nyingine, ambao hawaenei kwa njia ya hewa na ambao mtoto huweza kuwapata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, hawakupungua. Kama tatizo lingekuwa maabara kulala au wagonjwa kujificha, aina zote zingepungua pamoja. Zilipungua zile tu ambazo njia yake ilikuwa imekatwa.

NANI HUMPELEKEA MTOTO MCHANGA UGONJWA?

Swali hili ni muhimu, kwa sababu mtoto wa miezi miwili haendi sokoni, haendi shuleni wala hapandi basi. Ugonjwa humfuata nyumbani. Jibu lake moja lilipatikana katika pwani ya Kenya muda mrefu kabla ya janga. Huko Kilifi watafiti walizifuatilia familia katika msimu wa mwaka 2009 na 2010, wakipima pua za watu wa nyumba nzima mara kwa mara, wagonjwa na wazima. Walibaini kwamba katika sehemu kubwa ya nyumba ambamo mtoto mchanga aliambukizwa RSV na mtu wa nyumbani, aliyetangulia kuileta alikuwa ndugu yake mkubwa, na mara nyingi ndugu huyo alikuwa mwanafunzi.

Basi picha ni hii. Mwanafunzi wa darasa la pili anapata mafua kwa jirani yake wa dawati. Kwake yeye ni kamasi za siku tatu. Anarudi nyumbani, anambusu mdogo wake, na baada ya siku chache mdogo yule anahema kwa shida. RSV peke yake, katika mwaka 2019, ilisababisha vifo vinavyokadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 vya watoto wa umri wa chini ya miaka mitano, na karibu nusu yao hawakuwa wametimiza miezi sita. Vifo 97 katika kila 100 vilitokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Mwezi Aprili 2020 shule zilizofungwa duniani ziliwaacha nyumbani wanafunzi wapatao bilioni 1.6. Daraja kati ya dawati na kitanda cha mtoto mchanga lilikatika. Lakini ni hatari kurukia uamuzi kwamba shule ndiyo mkosaji na dawa ni kuifunga. Western Australia ilifungua shule zake na bado RSV haikuonekana kwa miezi mingi, kwa sababu mipaka ya jimbo hilo ilikuwa imefungwa na virusi havikuwa na pa kuingilia. Shule haizai virusi. Shule huvikuta na kuvigawa, na kiasi cha kugawa hutegemea hali ya shule yenyewe.

Aidha, si kila ugonjwa ulitii amri. Hong Kong ilipofungua shule zake mwishoni mwa mwaka 2020, mafua ya kawaida yalilipuka katika madarasa ya watoto wadogo ingawa walivaa barakoa, hata mwezi Novemba shule za chekechea zikafungwa tena. Virusi vya mafua hayo havina lile vazi la mafuta ambalo sabuni na spiriti hulivunja kwa urahisi, na hukaa muda mrefu juu ya vitu vinavyoshikwa. Kwa hiyo asidai mtu kwamba ndoo moja ya maji hufukuza kila ugonjwa. Inatosha kusema kwamba magonjwa yanayoua zaidi ndiyo yaliyopungua zaidi.

DENI LILILODAIWA

Wapo watu wanaosema kwamba juhudi zote hizo zilikuwa bure, kwa sababu magonjwa yalirudi, tena kwa kishindo. Kurudi kulikuwapo, na hakufai kufichwa. Katika Western Australia, RSV iliyokosekana wakati wa baridi ilizuka mwishoni mwa mwaka 2020, katika joto la kiangazi, na kupita vilele vya misimu ya kawaida. Nyuzilandi, ambayo haikuwa na msimu wa RSV mwaka 2020, ilifungua safari za watu kati yake na Australia mwezi Aprili 2021, na kufikia Juni na Julai wodi zake za watoto zilikuwa zimejaa pomoni. Mwishoni mwa mwaka 2022 hospitali za watoto za Marekani zilielemewa na RSV, influenza na UVIKO-19 kwa wakati mmoja. Mwaka 2023 ikawa zamu ya China, ambayo ilikuwa imeondoa masharti yake makali mwezi Desemba 2022. Mwezi Novemba Shirika la Afya Duniani liliomba maelezo kuhusu watoto wengi waliofurika hospitalini kaskazini mwa nchi hiyo, likajibiwa kwamba hapakuwa na ugonjwa mpya. Yalikuwa magonjwa yale yale yanayojulikana, yamerudi kwa pamoja.

Sababu ya kurudi huko si kwamba usafi hudhoofisha miili ya watoto. Maelezo yake ni mepesi kama ya moto wa nyika. Kila mwaka ugonjwa hupita na kuwaachia kinga wale uliowagusa, kama moto unavyochoma nyasi za mwaka huo. Mwaka mmoja au miwili ikipita bila moto, nyasi hulimbikizana. Siku cheche inapodondoka, huwaka zaidi kwa kuwa kilichosubiri kuwaka ni kingi. Watoto waliozaliwa mwaka 2020 na wale waliozaliwa mwaka uliotangulia walikutana na RSV kwa mara ya kwanza kwa pamoja.

Lakini hebu wenye kudai kwamba ilikuwa bure watazame umri wa wagonjwa hao. Katika mlipuko wa Western Australia, umri wa kati wa watoto waliougua ulikuwa miezi 18 hivi, wakati katika misimu ya nyuma haukuwa ukizidi miezi 13. Tofauti hiyo si ndogo. Mapafu ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu yana vijia vipana kuliko ya mtoto wa miezi miwili, naye anao uwezo zaidi wa kustahimili. Ugonjwa ulioahirishwa kupita miezi ile ya hatari ya mwanzo si ugonjwa ule ule. Kumwambia mama kwamba hakuna faida kuchelewesha RSV kwa mwaka mmoja ni kumwambia asiyejua tofauti kati ya mtoto anayekohoa na mtoto anayezikwa.

Zaidi ya hayo, si kila kilichoondoka kimerudi. Aina moja ya influenza, iitwayo B/Yamagata, haijathibitishwa kuonekana popote duniani tangu mwezi Machi 2020, na mwezi Septemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri iondolewe katika chanjo. Adui aliyezoeleka kwa miongo kadhaa alitoweka kwa kukosa njia.

Na wataalamu walijifunza jambo jingine. Nchini Israeli walipima pua za watoto wadogo wakati wa janga, wakawakuta wale bakteria wakuu wa nimonia wangali humo karibu kwa wingi ule ule wa zamani. Lakini nimonia yenyewe ilikuwa imepungua sana. Kilichokosekana kilikuwa RSV, influenza na virusi vingine vya namna hiyo. Maana yake ni kwamba virusi mara nyingi ndivyo hufungua mlango, na bakteria aliyekuwa amelala puani akaingia mapafuni. Mafua ya mtoto, ambayo watu huyaita “mafua tu”, yanaweza kuwa mwanzo wa safari ya kaburini.

WAJIBU WA MWALIMU NA MTUMISHI

Nini basi cha kufanya? Jibu la kwanza ni lile lisilotakiwa. Hakuna mwenye nia njema anayeweza kupendekeza kwamba shule zifungwe kwa ajili ya mafua. Tanzania ilifunga shule zake mwezi Machi 2020 na kuzifungua za msingi na za sekondari tarehe 29 Juni. Kenya ilichukua muda mrefu zaidi, ikaanza kurudisha baadhi ya madarasa mwezi Oktoba na kuwarudisha wanafunzi wote Januari 2021. Kila mwalimu anajua wanafunzi waliopotea katika miezi hiyo, hasa wasichana. Gharama hiyo hailipiki kila mwaka. Funzo la janga halimo katika zile hatua kali zisizoweza kudumu. Limo katika hatua ndogo zinazoweza kudumu, ambazo zimeachwa bila sababu yoyote ya maana.

Hatua ya kwanza ni maji na sabuni. Uchunguzi uliofanyika katika mitaa ya kimaskini ya Karachi, Pakistan, na kuchapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba katika nyumba zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa, nimonia ya watoto wadogo ilipungua kwa nusu. Mapitio ya tafiti nyingi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati yaliyochapishwa mwaka 2023 yalitoa wastani wa tahadhari zaidi, upungufu wa asilimia 17 wa magonjwa ya njia ya hewa. Na ichukuliwe hiyo 17. Ni kampeni gani nyingine yenye gharama ya kipande cha sabuni inayoweza kuleta faida hiyo?

Hatua ya pili ni hewa. Mwaka 2021, Tanzania ilielekeza sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa kupambana na athari za UVIKO-19 katika ujenzi wa madarasa 15,000. Ni vema kukumbuka asili ya fedha hizo. Darasa lililojengwa kwa sababu ya ugonjwa wa hewa ni jengo la afya kama lilivyo jengo la elimu. Dirisha lililozibwa kwa kabati, au linalofungwa siku nzima kwa sababu ya vumbi, linalipoteza lengo hilo. Wanafunzi wakirundikwa upande mmoja wa chumba ilhali upande mwingine una nafasi, hilo pia ni kosa, nalo halihitaji bajeti kurekebishwa.

Hatua ya tatu ni kumruhusu mtoto mgonjwa abaki nyumbani. Katika shule nyingi mahudhurio yamefanywa kuwa sifa isiyo na masharti, na mwanafunzi anayekuja akitetemeka kwa homa husifiwa kuwa shujaa. Huo si ushujaa. Mwalimu mwenye kujali atamrudisha nyumbani kwa heshima, atampa kazi ya kufanya akipona, wala hatamwadhibu kwa siku alizokosa. Hali kadhalika mkuu wa ofisi asimwone mtumishi mwenye mafua makali kuwa mtoro akiomba ruhusa, maana mtumishi huyo ana watoto, na jirani yake wa meza anao pia.

Hatua ya nne ni chanjo. Kenya ilianza kutoa chanjo dhidi ya bakteria wakuu wa nimonia mwaka 2011, na Tanzania ikafuata mwaka 2013. Sasa hata RSV ina kinga yake. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa waraka wake wa kwanza juu ya jambo hili, likipendekeza nchi zote zitumie ama chanjo kwa mama mjamzito, ili kinga imfikie mtoto kabla ya kuzaliwa, ama sindano ya kingamwili kwa mtoto mchanga. Ni juu ya watumishi wa sekta ya afya na ya fedha kuhakikisha kwamba kinga hiyo haibaki kuwa haki ya watoto wa nchi tajiri, ilhali vifo 97 katika 100 ni vya watoto wa nchi nyingine.

Hatua ya tano ni kuondoa hofu ya zahanati. Mganga mfawidhi anaweza kutenga benchi la wenye kikohozi mahali penye upepo, mbali na benchi la chanjo, ili mtoto mzima asiondoke na ugonjwa ambao hakuja nao. Mzazi naye afundishwe lini asingoje. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11 mara 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano mara 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe zahanati mara moja. Hesabu hizo zinaweza kuandikwa katika ubao wa matangazo wa kila shule na kila ofisi ya kata. Wanafunzi wa darasa la tano wanaweza kuzifundisha nyumbani kwao.

Mwisho, takwimu zisomwe. Vitabu vya MTUHA vinavyojazwa kila siku katika zahanati si vya kupelekwa wilayani na kufungiwa kabatini. Afisa anayeona mahudhurio ya kikohozi yameshuka katika kata moja asifurahi kabla ya kutazama kama malaria na chanjo vimeshuka pia. Akiona vyote vimeshuka, ajue kwamba wananchi wamekatishwa tamaa na jambo fulani, aende akalitafute.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni makubwa mno kwa nchi maskini. Historia inawakana. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 wa Tanzania kuzunguka redio, vijiji kwa vijiji, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Hawakungoja fedha nyingi. Walioongoza vikundi vile walikuwa watu wa kawaida waliojua kusoma, miongoni mwao walimu. Wajukuu wa wananchi wale hawashindwi kuweka maji katika ndoo.

Na hapo ndipo penye fedheha. Mwaka 2020 na 2021 kila lango la shule na kila mlango wa ofisi ulikuwa na ndoo yake ya maji tiririka na sabuni. Leo ndoo nyingi zimekauka, koki zimevunjika, nyingine zimegeuzwa kuwa vyombo vya kuhifadhia chaki na mafaili. Ziliwekwa kwa kumwogopa adui mgeni, zikaondolewa alipopungua, ingawa adui mwenyeji aliyeua watoto 740,180 katika mwaka mmoja yuko pale pale, na imekwisha kuthibitika kwamba njia zake zinazibika. Kuzijaza tena hakuhitaji waraka kutoka makao makuu. Kunahitaji mwalimu wa zamu na mtumishi mmoja mwenye ufunguo wa stoo.